Ua la Njano Pembezoni mwa Mafunjo: Kuitambua Hibiskusi ya Vinamasi vya Kampala

Pembezoni mwa vinamasi vya Kampala, kuanzia Lubigi upande wa magharibi hadi ghuba ya Murchison ambako mfereji wa Nakivubo humwaga maji yake, huota kichaka chenye maua ya njano yenye jicho la zambarau iliyokoza. Ukiuliza jina lake, majibu hayaelewani. Mmoja atasema ni bamia mwitu, mwingine pamba pori. Mwenye bustani ataliita haibiskasi la mapambo lililotoroka uani. Programu ya simu nayo huweza kutoa orodha ya majina matatu au manne na kumwachia mtumiaji achague.

Kwa mimea ya aina hii, jina linalostahili kufikiriwa kwanza ni Hibiscus diversifolius, hibiskusi yenye vijiba inayopenda maji. Lakini kulifikiria jina kwanza si kulithibitisha. Uchambuzi huu unapima kwa nini ua hili huchanganya watu, ni mimea ipi inayofanana nalo, ni njia zipi zinazotumika kulitambua, na kila njia inaaminika kwa kiasi gani.

Usuli: kinamasi, ukoo na vitabu

Kampala imejengwa juu ya vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye maji. Maji ya Lubigi huelekea kaskazini kwenye mto Mayanja, ilhali ya Nakivubo, Kinawataka na Kansanga huteremkia Ziwa Victoria. Katikati ya vinamasi hivi mafunjo hutawala na kuziba mwanga. Ukingoni, ambako mafunjo hupungua na mashamba ya magimbi huanza, jua hupenya, na hapo ndipo vichaka kama hibiskusi hupata nafasi.

Ukingo huo ndio unaoliwa kwanza. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa ardhioevu ya Uganda ilishuka kutoka asilimia 15.6 ya eneo la nchi mwaka 1994 hadi asilimia 8.9 mwaka 2019. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, na Novemba 2005 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tisa wa nchi wanachama. Hata hivyo, kifusi, matofali na mifereji vimeendelea kusogea bondeni. Juni 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipobomoa nyumba Lubigi, mjadala mkali ulizuka. Sheria za nchi hueleza ardhioevu kuwa mahali panapofurika maji daima au kwa msimu, ambapo mimea na wanyama wameizoea hali hiyo. Kwa hiyo mimea imo ndani ya tafsiri ya sheria yenyewe, na swali la jina la ua halibaki la wapenda maua peke yao.

Kuhusu ukoo, ua hili ni la familia ya Malvaceae, familia ya pamba na bamia. Hapa pana chanzo cha kwanza cha mkanganyiko. Mwaka 1998 wataalamu wa uainishaji, wakitegemea ushahidi wa DNA, waliipanua familia hiyo ikameza koo ambazo zamani zilisimama peke yake, zikiwamo za mibuyu, mikakao na mikola. Anayefungua kitabu cha Lind na Tallantire kuhusu mimea ya kawaida ya Uganda, kilichotoka mwaka 1962, atakuta mipaka tofauti na ile ya vitabu vya leo. Bahati nzuri, hibiskusi zimo ndani ya kiini cha familia kwa hesabu zote mbili, na alama ya kiini hicho haifichiki: nyuzi za stameni zimeungana zikawa mrija mmoja unaosimama katikati ya ua, na matawi ya sehemu ya kike yanachomoza kwenye ncha yake. Ua lisilo na mrija huo si hibiskusi, hata kama rangi zake zinafanana.

Washukiwa

Wa kuondolewa mapema ni wale wasio wa ukoo huu. Thunbergia alata, mmea wa kutambaa wa Afrika Mashariki wenye maua ya rangi ya chungwa au njano na koo jeusi, huwadanganya wengi kwa mbali. Ukisogea utaona majani yamekaa mawili mawili yakikabiliana na petali zimeshikana kuwa faneli, wala mrija wa stameni haupo. Ludwigia za kinamasi nazo ni za njano, lakini mara nyingi zina petali nne tu na hazina jicho jeusi.

Ndani ya ukoo kazi huwa ngumu zaidi. Hibiscus diversifolius ni kichaka cha kudumu kinachoweza kumpita mtu kimo. Shina lake lina vijiba vifupi vigumu, majani yake ni mapana na yanakwaruza, yamechongwa kidogo tu kingoni, na maua hujipanga kuelekea kwenye ncha ya tawi. Nyuma ya ua, kikombe chake kina nywele ngumu, na kwa nje kimezungukwa na vijani vyembamba vinavyozidi vitano.

Mshindani wake wa karibu ni Hibiscus cannabinus, kinafu, unaolimwa kwa nyuzi na kwa mboga. Nao una vijiba na ua la njano hafifu lenye jicho jeusi. Tofauti ni kwamba huu ni mmea wa msimu: huota, huzaa na kufa. Majani yake ya juu mara nyingi yamepasuka sana kama vidole, na maua hukaa moja moja kwenye kwapa za majani.

Hibiscus surattensis hutambaa na kujishikiza kwa miiba iliyopinda, na kila kijani cha nje nyuma ya ua kimezaa kijani kingine cha ziada. Hibiscus calyphyllus hupenda kingo za misitu na vichaka vikavu. Haina vijiba, na vijani vyake vya nje ni vitano vilivyotanuka karibu na ncha. Hibiscus vitifolius hujulikana kwa tunda lenye mabawa matano. Hibiscus trionum ni mmea mfupi wa mashambani ambao kikombe chake huvimba kama kibofu chenye mishipa. Bamia yenyewe, Abelmoschus esculentus, ina ua linalokaribia sana haya yote, lakini kikombe chake hupasuka upande mmoja na kuanguka pamoja na petali, wakati kikombe cha hibiskusi hubaki kikilizunguka tunda.

Mwisho ni Kosteletzkya, jamaa wengine wa ukoo huu wanaopenda maji. Maua yao mara nyingi ni madogo, meupe au ya waridi, na tunda lao bapa lina kingo tano kali na mbegu moja tu katika kila chumba. Hibiskusi huwa na mbegu kadhaa katika kila chumba.

Orodha hii inatoa funzo moja. Karibu kila alama iliyotajwa ipo nyuma ya ua, kwenye shina, kwenye jani au katika tunda. Uso wa ua, sehemu inayopendwa na wapiga picha, ndio unaotofautisha kidogo kuliko sehemu zote.

Kwa nini uso wa ua hudanganya

Kufanana huku kuna sababu. Rangi ya njano yenye doa jeusi katikati ni alama kwa wadudu wanaochavusha: petali huvuta nyuki kutoka mbali, doa humwelekeza kwenye chavua na nekta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha Hibiscus trionum ulionyesha kuwa vifereji vidogo mno juu ya ngozi ya petali huvunja mwanga kwa namna ambayo nyuki-bambi wanaweza kujifunza kuitambua. Alama inayofanya kazi vizuri kwa mdudu hudumu katika spishi nyingi za ukoo mmoja. Shinikizo lililotengeneza uso wa ua, basi, halikuwa la kumsaidia mtaalamu wa mimea kutenganisha spishi.

Sababu ya pili ni muda. Ua la hibiskusi kwa kawaida huishi siku moja. Hufunguka asubuhi, na jioni petali zimeshajikunja. Picha ya saa mbili asubuhi na picha ya saa kumi jioni zinaweza kuonekana kama za mimea miwili. Sababu ya tatu ni majani: katika kichaka kimoja cha H. diversifolius majani ya chini na ya juu yanaweza kutofautiana kwa ukubwa na michongo, hivyo jani moja lililochumwa njiani halitoshi kuamua lolote.

Njia nne za kupata jina

*Jina la mwenyeji.* Wanaolima magimbi bondeni na wanaokata mafunjo kwa ajili ya mikeka wanajua mengi kuhusu mmea huu: unaota wapi, unachoma vipi, mifugo inauonaje, na gome lake linatoa kamba au la. Maarifa haya ni ya misimu mingi na hayahitaji kifaa. Udhaifu wake ni kwamba majina ya kienyeji mara nyingi hufuata matumizi, na spishi mbili zenye matumizi yaleyale zinaweza kubeba jina moja. Malakwang, mboga chachu inayopendwa na Waacholi na Walango na inayouzwa pia katika masoko ya Kampala, ni mfano wa karibu. Maandishi huihusisha na zaidi ya spishi moja ya hibiskusi, na mpishi hana hasara yoyote kwa hilo, kwa kuwa anachotafuta ni uchachu. Mtafiti anayetaka spishi moja ana hasara.

*Simu.* iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa California, na Pl@ntNet ya Ufaransa zimemwezesha mtu yeyote mwenye simu kuuliza jina kwa dakika moja. Faida yake ni kubwa: kila picha huja na mahali na tarehe, na kwa pamoja huchora ramani ambayo mtaalamu mmoja asingeweza kuichora. Udhaifu wake umejificha katika mazoezi ya mashine. Mashine hujifunza kutokana na picha zilizopo, na spishi isiyopigwa picha za kutosha katika eneo hili hushindwa na jamaa yake aliyepigwa picha nyingi kwingine. Isitoshe, wengi hupiga picha ya uso wa ua. Kwenye iNaturalist, uchunguzi hupanda daraja zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakikubaliana, lakini watu watatu waliotazama picha ileile isiyoonyesha shina hawajaongeza ushahidi wowote. Wameongeza kura tu.

*Ufunguo wa kitabu na hebaria.* Njia hii hutumia kitabu chenye ufunguo, yaani maswali ya alama yanayofuatwa hatua kwa hatua, na mmea uliokaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa katika hebaria. Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikihusu Uganda, Kenya na Tanzania, ilitoa juzuu ya Malvaceae mwaka 2009, iliyoandikwa na Bernard Verdcourt na Geoffrey Mwachala. Chuo Kikuu cha Makerere kina hebaria yake, na Nairobi ipo hebaria ya Afrika Mashariki iliyoanzia Amani, Tanganyika, kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Nguvu ya njia hii ni kwamba ushahidi wake haupotei. Mtu mwingine, hata baada ya miaka 50, anaweza kufungua karatasi ileile, akahesabu vijani vya nje na kulipinga jina.

Udhaifu upo pia. Kitabu ni cha Kiingereza cha kitaalamu, na mara nyingi ufunguo hudai tunda na ua kwa wakati mmoja. Hebaria zenyewe si msahafu. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford na Edinburgh waliripoti kuwa katika sampuli zipatazo 4,500 za Aframomum, jenasi ambayo Waganda huyaita matunda yake matungulu, angalau asilimia 58 zilikuwa na majina yasiyo sahihi kabla ya jenasi hiyo kuchunguzwa upya. Kinachoiokoa hebaria ni kwamba kosa hilo liligunduliwa kwa kuwa sampuli zilikuwapo. Picha iliyofutwa kwenye simu haina nafasi ya kusahihishwa.

*DNA.* Mwaka 2009 wanasayansi walikubaliana kutumia vipande viwili vya DNA ya kloroplasti, rbcL na matK, kama alama ya msingi ya kutambua mimea. Njia hii inaweza kufanya kazi hata kwa kipande cha jani kisicho na ua. Lakini H. diversifolius, kinafu na jamaa yao rozela ni wa kundi la hibiskusi lenye historia ya spishi kuchanganyika na seti za kromosomu kuongezeka. Kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, hivyo alama hiyo husimulia nusu ya nasaba na kuinyamazia nusu nyingine. Tena, matokeo ya maabara hulinganishwa na orodha ya DNA ya sampuli zilizokwisha kutambuliwa. Sampuli hizo zikiwa na majina mabaya, mashine ya kisasa itarudia kosa la zamani kwa gharama kubwa zaidi.

Je, ni wa asili?

Hoja ya kwamba ua hili ni geni hutokana na mambo mawili. Kwanza, haibiskasi linalojulikana zaidi mjini ni Hibiscus rosa-sinensis, ua la Asia linalopandwa kwenye nyua za nyumba, na watu huhamishia ugeni wake kwa jamaa zake wote. Pili, H. diversifolius haionekani Afrika tu. Ipo Madagaska, Australia na visiwa vya Pasifiki, na huko New Zealand inahesabiwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Mmea ulioenea hivyo huibua shaka kwamba ulibebwa na watu.

Hoja ya upande wa pili ina uzito zaidi. Mmea umeandikwa kwa upana katika Afrika ya kitropiki na ya kusini, kwenye vinamasi na kingo za mito na maziwa zilizo mbali na bustani. Wataalamu wametambua humo hata nususpishi zaidi ya moja, jambo linaloashiria kuwa umekaa barani kwa muda mrefu wa kutosha kutofautiana. Kwa Uganda, kuuita wa asili ni msimamo salama. Kilicho wazi kwa mjadala ni jinsi ulivyofika visiwa vya mbali, na hilo halibadilishi hadhi yake Lubigi.

Hata hivyo, kuwa wa asili hakumaanishi kwamba uwepo wake ni cheti cha kinamasi kisichoguswa. Mmea unaopenda mwanga hunufaika pia mafunjo yanapokatwa, hivyo unaweza kushamiri kando ya mfereji au katika shamba la magimbi lililoachwa. Anayeuona na kusema hapa pana afya anakosea sawa na anayeuona na kusema hapa pana gugu. Ni dalili ya unyevu na mwanga. Kwa mpaka wa kinamasi, dalili hiyo inahitaji kuungwa mkono na udongo, maji na mimea mingine.

Mizani

Njia hizi hazishindani kwa haki zikipimwa bila kuuliza jina linatakiwa kwa kazi gani. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi ukingoni anahitaji kujua ukoo na jenasi. Mrija wa stameni, vijiba vya shina na vijani vya nje vinamtosha, na simu ni msaidizi mzuri. Anayetaka kula au kutengeneza dawa anahitaji uhakika zaidi, na tena anahitaji kujua mmea uliota wapi. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega wa Makerere walionyesha miaka ya 1990 jinsi kinamasi cha Nakivubo kinavyonyonya uchafu wa maji taka ya mji, na mmea wenye jina sahihi kutoka mahali hapo bado ni mmea uliokunywa maji hayo.

Anayepanda upya ukingo uliovurugwa ana hatari nyingine. Akichukua mbegu za kinafu akidhani ni H. diversifolius, atapata kijani kwa msimu mmoja na ukingo mtupu baada yake. Na anayeandika ripoti ya mazingira kuhusu ujenzi bondeni hana budi kuacha ushahidi unaoweza kukaguliwa. Jina lililotokana na picha moja litaanguka mbele ya swali la kwanza la wakili.

Gharama nazo zipimwe. Kuchuma sampuli huharibu tawi, na mahali penye vichaka viwili au vitatu tu, tawi moja ni hasara halisi. Utafiti rasmi huhitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa upande mwingine, kinamasi kinachofukiwa hakitasubiri picha bora. Pale ambapo kichaka kitafunikwa na kifusi mwezi ujao, tawi lililokaushwa kwenye magazeti lina thamani kuliko tawi lililoachwa.

Njia ya kati ipo, na haihitaji fedha nyingi. Picha sita badala ya moja: kichaka kizima na mahali kilipo, shina kwa karibu, jani la chini na la juu, uso wa ua, nyuma ya ua, na tunda. Kisha jina la mwenyeji na matumizi yake, tarehe na saa. Pale inaporuhusiwa na mmea ni mwingi, tawi moja lenye ua na tunda lipelekwe hebaria. DNA ibaki kwa maswali ambayo hayo yote yameshindwa kuyajibu, hasa machotara.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu ua la njano la vinamasi vya Kampala una vyanzo vinne: rangi ambayo spishi nyingi zinashirikiana, mipaka ya familia iliyobadilika kati ya vitabu vya zamani na vya sasa, majina yanayofuata matumizi, na simu zilizozoea kutazama upande usiofaa wa ua. Kichaka cha kudumu chenye vijiba vifupi, majani mapana yasiyopasuka sana, maua yaliyojipanga kwenye ncha za matawi na vijani vyembamba zaidi ya vitano nyuma ya kikombe kina kila dalili ya Hibiscus diversifolius, mmea wa asili wa Afrika.

Kati ya njia nne, hakuna inayojitosheleza, lakini hazilingani uzito. Jina la mwenyeji hutuonyesha pa kutazama, simu hutupa dhana na ramani, na DNA husaidia penye utata maalumu. Hebaria, pamoja na makosa yake yote, ndiyo inayozishikilia nyingine tatu, kwa kuwa ndiyo pekee inayohifadhi kitu kinachoweza kuchunguzwa tena. Kampala inayopoteza kingo za vinamasi vyake haiwezi kumudu majina yasiyo na ushahidi, na Makerere, ambako sampuli hizo hukaa, inastahili kuhesabiwa katika bajeti ya hifadhi ya ardhioevu kama zinavyohesabiwa doria za kuzuia kifusi.